Meli Kuukuu na Mashahidi Wake

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmeniuliza kuhusu safari ya baharini tuliyoifanya mimi na dada yangu mkubwa mwaka 2019, na kila nilipoulizwa nilijibu kwa mkato kwamba ilikuwa njema, alhamdulillahi. Jibu hilo si la uongo, lakini si kamili. Walikuwamo abiria mia kadhaa katika meli ile, na lau mngewauliza mmoja mmoja, mngedhani kwamba hawakupanda chombo kimoja. Wiki hii mhariri amenipa nafasi kubwa kuliko ya kawaida, basi nitaeleza.

Dada yangu ni mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi Kilindini miaka mingi, akipakia na kupakua shehena za meli ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Mwana wao, mpwa wangu, anaishi Uingereza na mkewe na binti yao, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo. Alitualika tuswali naye Idi, kisha akatutangazia kwamba ametulipia safari ya siku saba kwenda Norwei. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akiweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Meli mpya hakuzimudu. Alipata nafasi katika meli kuukuu, iliyopita umri wa miaka 40, yenye bei nafuu. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni yake, kwani mengine nitakayoyasema ni ya lawama, na wenyewe hawapo hapa kujitetea.

Tuliondokea mlango wa mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Gati ya abiria iko North Shields. Ng'ambo ya mto ni South Shields, mji ambao mabaharia wa Kiyemeni walianza kuufanya makao mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wao walikuwa wachochea tanuri katika meli za mvuke, wakitupa makaa ya mawe motoni kwa sepetu, zamu baada ya zamu, chini kabisa ya meli. Msikiti wao wa Al-Azhar ndio aliouzuru bondia Muhammad Ali mwaka 1977. Tulivuka kwa kivuko, mwendo wa dakika chache tu, tukaswali adhuhuri pale kabla ya kupanda. Mzee mmoja, mwana wa baharia, alipotajiwa meli tunayoipanda alicheka, akasema kwamba chombo hicho ni rika la mwanawe wa kwanza. Mpwa wangu hakucheka.

Kwa mbali meli ilipendeza: omo iliyochongoka, tezi ya mviringo, na bomba moja la moshi katikati. Kwa karibu, kutu ilionekana ikichuruzika kutoka kwenye tundu la nanga, na ndani rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, tabaka juu ya tabaka, hata bawaba za milango zikafunikwa. Zulia lilikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Mimi nilipewa chumba kidogo cha peke yangu, kikavu, chenye kidirisha cha duara. Dada na mjukuu wake walipewa chumba cha sitaha ya chini zaidi, karibu na injini. Mpwa wangu na mkewe walikuwa jirani nao. Nawaomba mkumbuke mpangilio huu wa vyumba, maana utarejea.

Siku ya kwanza baharini nilitambua kwamba abiria wamekwisha kugawanyika. Walikuwapo wazee waliokuwa wakirudi katika meli hiyo mwaka baada ya mwaka. Bibi mmoja mjane wa Kiingereza, ambaye meza yake ilipakana na yetu, alikuwa katika safari yake ya kumi na saba. Aliwajua wahudumu kwa majina, na watoto wao pia. Alitwambia kwamba safari ya kwanza aliifanya na mumewe, na kwamba kiti fulani cha mbao, upande wa tezi, kilikuwa cha mumewe. Alikikalia kila asubuhi baada ya chai. Alipowasikia watu wakilalamikia kutu alikunja uso, kama mtu anayesikia wageni wakiisengenya nyumba aliyozaliwa.

Wapo pia waliozoea meli mpya, nao walipima kila kitu kwa kipimo cha huko. Hakuna baraza ya faragha. Hakuna bwawa la watoto. Ukumbi wa chakula ni mmoja. Sikuwalaumu, kwa sababu tofauti ni kubwa kweli. Meli iliyoanza kutembea Marekani mwaka 2024, Icon of the Seas, ina karibu tani 250,000 na yaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000; yetu haikufika hata sehemu ya kumi ya hizo. (Tani hizo, kwa wasiojua, hazipimi uzito. Ni kipimo cha ujazo wa nafasi zilizomo ndani ya meli. Nami nilikuwa sijui mpaka nilipoelezwa.)

Kundi la tatu halikuwa na sauti, nalo ni la watu kama mpwa wangu, waliolipa kwa kujinyima. Tajiri akikuta bomba limeharibika huita fundi. Aliyejinyima miaka miwili hulitazama bomba hilo akaona kwamba amedharauliwa, na zaidi akiwa amemleta mama yake.

Na mabomba yaliharibika. Usiku wa pili choo cha chumba cha dada kiliziba, na asubuhi maji ya mferejini yalitoka na rangi ya chai. Fundi alikuja, akatengeneza, kikaziba tena. Jumla zilikuwa siku mbili kasoro saa chache, na siku hizo dada na mjukuu walitumia choo changu. Dada hakusema neno. Kila aliporudi kutoka chumbani kwangu alisifu kidirisha changu cha duara.

Bahari ya Kaskazini ilichafuka kidogo tulipokuwa tukivuka, na hapo nikapata faida ya kukaa karibu na mhandisi mmoja mstaafu, aliyefanya kazi maisha yake yote katika karakana za kuunda meli za mto Tyne. Nilimwuliza ikiwa chombo hiki ni salama. Alieleza kwamba meli nyingi za zamani ziliundwa kwa ajili ya usafiri, si starehe. Zilitakiwa kufika kwa tarehe iliyotangazwa, bahari ichafuke isichafuke. Kwa hiyo omo yake ni kali na mkuku wake umezama vya kutosha. Nyingi za leo zimeundwa kama hoteli, pana na ndefu kwenda juu, na haziingii sana majini, ili ziweze kufika katika bandari nyingi. Mawimbi yakipiga ubavuni, alisema, yeye angependa kuwa hapa.

Akaniambia pia jambo ambalo sikulitarajia. Kanuni za kimataifa za usalama baharini ziliamuru kwamba tangu Oktoba 2010 meli za abiria zinazofanya safari za kimataifa zisiwe tena na mbao na vitu vingine vishikavyo moto katika muundo wake, na meli kadhaa nzuri za zamani zikastaafishwa kwa sababu hiyo. Alinitajia moja isiyokubali kufa. Stockholm ilianza kazi mwaka 1948, na mwaka 1956 iliigonga meli ya Kiitaliano, Andrea Doria, usiku, karibu na pwani ya Marekani. Andrea Doria ilizama. Stockholm ilirejea New York na omo iliyopondeka, ikatengenezwa, ikabadilishwa jina mara nyingi, na wakati sisi tukizungumza ilikuwa bado ikitembeza watalii kwa jina la Astoria. Anachokiogopa yeye katika meli, alisema, ni matengenezo yaliyoahirishwa, na hayo yaweza kuwapo hata katika meli ya miaka mitano. Nilimwuliza kuhusu mabomba ya vyoo. Alitikisa kichwa, akasema kwamba hayo yameahirishwa.

Bergen tulifika mvua ikinyesha, na huambiwa kwamba hapo ndiyo desturi. Ufukoni pana safu ya nyumba za mbao ziitwazo Bryggen, zilizojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702, na tangu 1979 zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hapo wafanyabiashara wa Kijerumani waliendesha kwa karne nyingi biashara ya samaki aliyekaushwa kwa upepo bila chumvi. Dada aliposikia hayo alisema, "Kumbe ni watu wa ng'onda kama sisi." Nyumba zimeinama, sakafu zimepinda, na mbao nyingine zimebadilishwa vipande vipande. Nikawaona wale wale walioilalamikia meli kwa ukuukuu wake wamesimama mvuani, wakizipiga picha nyumba hizo kwa mapenzi makubwa.

Usiku ule tukaingia Sognefjord. Fjord ni mkono wa bahari ulioingia baina ya milima. Kwa lugha yetu ningeiita hori, ila hori hii ina urefu unaopita kilomita 200, na mahali penye kina kirefu hupita mita 1,300. Mwezi wa Juni huko jua huzama karibu saa tano za usiku, na weupe hauondoki angani mpaka alfajiri, hata swala ya isha ikawa mas'ala ya kufanyiwa makadirio. Nilisimama kuswali chumbani na meli ikaanza kupinda. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, aswaliye faradhi melini hugeuka kuelekea kibla kila meli inapogeuka, na hori ile ina pembe nyingi. Nilipotoa salamu nilikuwa nimeuelekea mlango, ilhali nilianza kwa kuelekea kitanda.

Asubuhi ndiyo iliyokuwa kiini cha safari nzima. Meli ingepita katika sehemu nyembamba, milima ikiwa karibu pande zote mbili na maporomoko ya maji yakishuka, na mpwa wangu alikuwa ameitaja asubuhi hiyo tangu tulipokuwa Mombasa. Ndiyo aliyoilipia. Na asubuhi hiyo lifti ikaharibika.

Dada ana magoti mabovu. Kutoka sitaha yake mpaka juu palikuwa na ngazi sita, kali kama za minara ya zamani. Alijaribu mbili akaketi. Mpwa wangu alishuka na kupanda akitafuta wa kumgombeza, na wakati wote huo milima ilikuwa ikipita nje. Hapo akatokea mhudumu wa meza yetu, kijana Mwindonesia wa kisiwa cha Java, pamoja na mwenzake Mfilipino, wakiwa na kiti cha ukumbini. Walimwomba dada idhini kwa adabu, wakamkalisha, wakambeba ngazi zote sita, wakimwambia kila pembe, "Pole pole, Mama." (Neno hilo mjukuu wetu ndiye aliyewafundisha.) Sitahani abiria walimpisha wakampigia makofi. Yule bibi mjane aliinuka katika kiti cha mumewe akamwekea dada blanketi miguuni.

Nilimtazama dada, nikamwona anacheka hata machozi. Nikamtazama mwanawe, naye alikuwa amegeukia bahari, akilia kwa namna nyingine. Sijapata kuona watu wawili wapendanao wakitofautiana hivyo juu ya jambo moja lililotokea mbele ya macho yao.

Tulishuka Flåm, kijiji kidogo mwishoni mwa hori, tukapanda gari moshi linalokwea kilomita 20 mpaka Myrdal, mita 866 juu ya bahari, kupitia mahandaki 20. Njiani husimama mbele ya poromoko kubwa liitwalo Kjosfossen. Ni pazuri mno, lakini mpwa wangu hakutoka nje.

Jioni ikaletwa karatasi. Bwana mmoja wa kundi la waliozoea meli mpya alikuwa ameandika malalamiko ya pamoja na kukusanya saini ili abiria wote wadai kurudishiwa fedha. Mpwa wangu alikwisha tia yake. Karatasi ilidai kwamba vyoo havikufanya kazi safari nzima, kwamba chakula hakikufaa, kwamba watumishi ni wazembe, na kwamba meli ni hatari kwa maisha ya abiria.

Nilisoma mara mbili, kisha nikasema kwamba siwezi kuitia saini kama ilivyo. Choo cha dada nilikishuhudia siku mbili, si saba, na changu hakikuziba hata mara moja. Chakula tulikula samaki na mboga kila siku, na kijana yule alikuwa akituonyesha kisichotufaa kabla hatujauliza. Uzembe wa watumishi sikuuona. Hatari ya meli sina elimu nayo, na mwenye elimu aliyekuwa karibu nami alisema kinyume. Lifti nilikuwa tayari kuiandika kwa herufi kubwa.

"Mjomba," akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia nami, "hii ni safari ya starehe, si mahakama ya kadhi. Mama yangu amebebwa kama gunia."

Dada akasema, "Nimebebwa kama bibi harusi."

"Mama, wewe husemi kweli kwa sababu unanihurumia."

Hakumjibu. Na mimi, ndugu wasomaji, nakiri kwamba huenda kijana alikuwa sahihi juu ya mama yake. Dada ni mtu wa kusitiri. Labda alifurahi kweli, labda alifurahi ili mwanawe asiumie, na labda hata yeye hajui mpaka uko wapi. Jambo jingine lililonikera usiku ule ni kwamba insafu yangu haikunigharimu kitu. Nililala chumba kikavu. Lau ningekuwa nimeamka usiku wa manane kumpeleka mtoto chooni sitaha nyingine, sijui kama ningehesabu siku kwa uangalifu ule.

Hata hivyo sikutia saini. Niliandika barua yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, nikaeleza nilichokiona kwa siku na saa, na kwa kijana wa Java na mwenzake nikaandika shukrani.

Kijana huyo alinifuata siku ya mwisho, tukirudi Tyne. Alitaka kujua kama katika ile karatasi kubwa yameandikwa majina ya watumishi. Nilimjibu kwamba hayakuandikwa. Akashusha pumzi, akanieleza kwamba mkataba wake ni wa miezi tisa, na kwamba anachoandika abiria ndicho kinachosomwa wakati wa kuurefusha. Nilimwuliza yeye anaionaje meli. Alifikiri kidogo. Chumba chake, akasema, kiko chini ya usawa wa maji, analala na mwenzake, na kiyoyozi chao kimekufa tangu Pasaka. Lakini amewahi kufanya kazi katika meli kubwa mpya, ambako kwa miezi minane hakuna abiria aliyemwita kwa jina. Akaniacha na maneno hayo akaenda kupanga meza. Nikakumbuka wale wachochea tanuri wa Kiyemeni, kwamba nao mtu angeweza kuwauliza meli zao zilikuwaje.

Matokeo ya karatasi mbili hizo yalikuwa hivi. Waliotia saini malalamiko ya pamoja walipewa hati ya punguzo kwa safari ya mwaka uliofuata. Mimi nilipata barua ya kushukuriwa. Mpwa wangu alinikumbusha jambo hilo katika kila simu kwa miezi kadhaa, na alikuwa na haki ya kunikumbusha.

Hati yenyewe haikutumika. Mwaka 2020 korona ilisimamisha meli za watalii duniani, na nyingi za umri ule hazikurudi kazini tena. Yetu iliuzwa kwa thamani ya chuma chake. Ilipelekwa Aliağa, pwani ya Uturuki, ambako meli huendeshwa moja kwa moja mpaka omo ikapanda nchi kavu, kisha zikakatwa vipande. Mpwa wangu alinitumia picha. Ilikuwa imelala baina ya nyingine mbili, tezi ikiwa bado majini, na kutu ileile ikichuruzika kutoka tundu la nanga. Chini yake aliandika, "Usimwambie Mama."

Nilitii kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, kwa kuwa hakuuliza. Kisha Idi moja, tukiwa barazani kwake, mpwa wangu akiwa amekuja likizo, dada alimimina kahawa akasema, "Ile meli yetu bado yatembea?"

Mpwa wangu alinitazama. Nami, niliyekataa saini kwa ajili ya siku tano za choo, nilikuwa na njia gani? Nilimwambia kwamba imevunjwa, na mahali ilipovunjwa.

Dada aliweka dele chini, akanyamaza kidogo.

"Na yule kijana wa Java," akauliza, "amepata kazi wapi?"

Hatukujua, si mimi wala mwanawe. Mpwa wangu akatoa simu, akaanza kumtafuta.